Kinyonga wa runinga si yule wa ua wa Kisauni

MTAZAMAJI wa runinga mjini Mombasa humjua kinyonga kwa mambo matatu: hugeuza rangi akafanana na chochote alichokikalia, hutembea polepole kupita kiasi, na hufyatua ulimi mrefu kunasa wadudu. Hayo ndiyo hurudiwa katika vipindi vingi vya wanyamapori, ambavyo huonekana hata katika nyumba za kupanga za Changamwe na Likoni.

Hata hivyo, wapenzi wa vinyonga ulimwenguni, wakiwemo wafugaji, wapiga picha na watafiti, wamenung'unika kwa muda mrefu kwamba picha hiyo ni nusu ya ukweli. Malalamiko yao yanamhusu pia mkazi wa Mombasa bara, kwa sababu anayoyaona kwenye kioo ndiyo humwelekeza la kufanya anapomkuta mnyama huyo kwenye mkilifi nyuma ya nyumba yake.

Lalamiko la kwanza ni kuhusu rangi. Picha za kinyonga aliyewekwa juu ya kitambaa cha mirabaraba akageuka mirabaraba hutengenezwa kwa kompyuta. Kinyonga hawezi kuiga kila kitu. Kila aina ina rangi zake chache, na huzitumia zaidi kuwasiliana na wenzake na kurekebisha joto la mwili.

Mwaka wa 2008, watafiti Devi Stuart-Fox na Adnan Moussalli walichapisha uchunguzi wao kuhusu vinyonga wadogo wa kusini mwa Afrika. Walibaini kwamba aina zinazobadili rangi kwa kiasi kikubwa ni zile zenye maonyesho ya kuvutia zaidi mbele ya wenzao, wala si zile zinazoishi katika mazingira yenye rangi nyingi. Mwaka wa 2015, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza jinsi jambo hilo linavyofanyika. Katika ngozi ya kinyonga chui wa Madagaska mna seli zenye fuwele ndogo mno. Mnyama akitulia, fuwele hizo hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu, ambao ukichanganyika na umanjano wa ngozi huonekana kijani. Akipandwa na hasira, fuwele huachana, na rangi ya manjano au nyekundu ikajitokeza.

Kwa hivyo kinyonga aliyebadilika mbele ya kamera mara nyingi hajifichi. Pengine ameona mpinzani, pengine ameogopa mkono wa mtangazaji aliyemshika. Hapo ndipo wapenzi wa mnyama huyu hukasirika zaidi, kwa kuwa rangi nyeusi na mdomo uliopanuliwa, ambavyo msimulizi huvisifu kama maajabu, huwa ni dalili za dhiki.

Lalamiko la pili ni kwamba runinga ina vipenzi vyake. Kuna zaidi ya aina 200 za vinyonga duniani, na karibu nusu yao hupatikana Madagaska, kisiwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini. Wapigaji filamu hukimbilia huko kwa sababu rangi ni kali. Afrika Mashariki husahaulika, ingawa lugha yake yenyewe imeingia katika sayansi. Mwaka wa 2006, kundi zima la vinyonga wa milima ya ukanda huu lilipewa jina la kitaalamu Kinyongia, kutokana na neno la Kiswahili. Mmoja wao, Kinyongia boehmei, huishi katika milima ya Taita, mwendo wa saa chache kutoka Mombasa. Mwingine wa mlima Nyiru, kaskazini mwa Kenya, alipewa mwaka wa 2009 jina la asheorum, kwa heshima ya James Ashe na mkewe Sanda, waanzilishi wa kituo cha nyoka cha Bio-Ken, Watamu.

Hata katika suala la ulimi, wanaopendelewa na kamera ni vinyonga wakubwa, ilhali bingwa ni mdogo. Mwaka wa 2016, Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alipima ndimi za aina 20 za vinyonga. Aliyewashinda wote ni kinyonga mdogo wa milima ya Usambara, Tanzania, asiyefika sentimita 10. Mchapuko wa ulimi wake, yaani kiwango cha kuongezeka kwa kasi, ulikuwa mara 264 ya mvutano wa dunia.

Si haki, hata hivyo, kuitupia runinga lawama zote. Bila kamera za kupunguza kasi, hakuna jicho la binadamu ambalo lingeuona ulimi huo ukitoka. Mfululizo wa BBC wa mwaka wa 2008, Life in Cold Blood, ulioongozwa na David Attenborough, uliwapa wanyama watambaao na amfibia heshima ambayo kwa kawaida hupewa simba na ndovu.

Mombasa bara, kinyonga anayeonekana zaidi ni Chamaeleo dilepis, mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa mithili ya masikio. Rangi zake ni kijani, manjano na hudhurungi. Akitishwa huinua masikio hayo, hujaza hewa, huonyesha madoadoa na kupanua kinywa. Hana sumu, na kazi yake ya kila siku ni kula panzi na wadudu wengine.

Pamoja na hayo, huuawa kwa mawe. Wapo wanaomwona kama mkosi. Masimulizi ya jamii nyingi za Kibantu humtaja kuwa mjumbe aliyechelewa kuwafikishia wanadamu habari ya uzima. Wapo pia wanaoamini kwamba jike hupasuka tumbo akizaa. Ukweli ni kwamba jike wa pwani hushuka mtini, huchimba shimo, hutaga mayai kwa makumi, huyafukia na kurudi mtini akiwa hai. Siasa nayo imeligeuza jina lake kuwa tusi la kigeugeu. Kipindi kinachodai kwamba hugeuka lolote apendalo huzipa imani hizo nguvu mpya.

Wakati huohuo, vichaka vinapungua kadiri majumba yanavyoongezeka Kisauni na Likoni. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 inamtaka anayetaka kufuga mnyama wa pori apate kibali, na biashara ya kimataifa ya vinyonga inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlinda mnyama ambaye jirani yake hamjui.

Anayetaka kumjua hahitaji king'amuzi. Usiku, kinyonga hulala kwenye ncha za matawi, na mwili wake hupauka kiasi cha kung'aa mwanga wa tochi unapompiga. Atazamwe bila kushikwa, kisha aachwe alale.