Thimlich ina wageni, wachuuzi hawana wateja

Mama mmoja anayepika chai na chapati kando ya njia ya kwenda Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, hakandi tena unga mwingi akiona vumbi la basi. Wanafunzi, asema, huteremka, huzunguka kuta za mawe za boma hilo la kale, kisha hula mkate na soda walizokuja nazo. Magari ya watalii nayo hubeba chakula kilichofungwa Kisii au Homa Bay. Jioni wote wameshaondoka. Watu wanakuja, hilo halipingi; kinachomuuma ni kwamba hawamwachii hata ya unga wa kesho.

Afisa mmoja wa utalii anashikilia kwamba biashara imepanda tangu kuta hizo ziingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ushahidi wake ni kitabu cha wageni. Kitabu hicho huhesabu vichwa, hakihesabu shilingi. Mtoto wa darasa la sita aliyekaa saa moja na mtalii wa siku tatu, kila mmoja ana mstari wake mmoja. Kwa kipimo hicho, mwaka wa ziara nyingi za shule utaitwa mwaka wa neema hata kama gesti zimelala tupu.

Na bidhaa yenyewe ni adimu. Kuta zilipangwa jiwe juu ya jiwe, bila saruji wala udongo, yapata karne ya 16, na kwingine zinapita mita 4. Mlango ni mfupi. Unainama, bega linasugua jiwe, ndipo unaelewa kwamba mvamizi alilazimika kutanguliza kichwa mbele ya mwenye nyumba. Hilo lataka mwelekezi mzawa, naye alipwe.

Ila ni kilomita 46 hivi kutoka mjini Migori, na vivutio vingine vimetawanyika: mbuga ya Ruma, michoro ya miambani Mfangano, kaburi la waziri aliyeuawa mwaka 1969 kisiwani Rusinga, Macalder walikochimba wakoloni dhahabu na shaba. Kila kimoja hutangazwa peke yake. Safari ya siku mbili inayoviunganisha, mgeni akilala njiani, huenda ikabadili hesabu, ingawa ahadi za namna hiyo zimesikika sana huku. Mama wa chapati anasema akiona gari limelala hapo, atakanda.