DX Nzee: Anza na Sakafu, LED Zitangoja

Kuna form moja naionanga kila mtaa hadi inaniboo. Msee anaokota DX kwa mzae fulani Kiambu, na hata kabla ajue maji inaingilia wapi, ashatundika LED za zambarau chini ya dashibodi na kushona siti za red ka nganya ya Rongai. Anapiga picha, mbogi inashangilia. Halafu mvua ya April inashuka, kapeti inalowa, ndai inanuka uvundo, na dem anashusha dirisha hadi mwisho na kunyamaza.

Ndani ya gari hujengwa kutoka chini. Hiyo ndio rada yangu leo, na siibadilishi.

Kwanza tuheshimu mzae. DX tunayoiita DX ni Corolla KE70, model ilitoka Japan 1979, na hiyo ndio ilikuwa Corolla ya mwisho yenye ndai zote za hiyo familia zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Ndio maana mayut wa kuzungusha mkia bado wanaisaka. Plate za KAA zenye herufi baada ya namba zilianza 1989, so ukipata moja yenye haina hiyo herufi ya mwisho, jua inakuzidi miaka. Na juu mtumba yenye imepitisha miaka 8 haiingizwi Kenya, DX mpya haziji. Zenye ziko ndio hizo hizo. Ukiharibu moja, imepungua.

Sasa kazi. Toa waya ya negativu kwa betri. Chukua spana, fungua bolti za siti, beba siti hadi kejani. Kwa ploti yenye haina stoo zitakuwa sofa kwa muda, na wageni watazipenda kuliko kochi yako. Bolti zikigoma usizivunje kwa hasira, zimwagie dizeli ama mafuta ya kutoa kutu, uzilaze usiku moja. Ziweke kwa mkebe wenye umeandikwa jina, juu bolti za siti hazibadilishwi na nati yoyote ya hadweya. Siku ya ajali hizo ndio zinakushikilia.

Toa kapeti. Hapa ndio utajua ulinunua nini. Kama sakafu ni ya rangi, shukuru. Kama ni ya chokoleti na inabonyea ukikanyaga, ita msee wa kuchomelea kabla ufikirie kitambaa. Kutu ya juu juu unaikwangua na brashi ya waya hadi chuma ing'are, unapaka red oxide, halafu rangi. Lakini kupaka bila kuziba maji ni kujichocha. Tandaza magazeti kwa sakafu kavu, funga milango, umwambie beshte amwage mtungi wa maji polepole kuzunguka kioo ya mbele, halafu milango, halafu buti. Penye gazeti inalowa ndio penye raba imekufa. Kwa DX nyingi raba ya kioo ndio mchawi: imekauka, imepasuka, maji inateremka nyuma ya dashibodi na kuingia chini ya kapeti bila kukuuliza.

Sakafu ikikauka, bandika ile karatasi ya lami yenye wasee wa mabati hutumia kuziba paa. Iko na bitumeni, inapunguza kelele ya exozi na jiwe za barabara. Usiipange kila mahali, gari itakuwa nzito bure. Sehemu ya miguu na juu ya giabox inatosha.

Siti ni stori ndefu, na hapa ndio ganji hupotea. Usimpelekee fundi siti nzima. Fumua kava ya zamani mwenyewe, kipande kwa kipande, uandike namba na chaki: hivyo vipande ndio ramani ya kukata mpya. Cherehani ya mathe ya kushona uniform haitapenya tabaka tatu za ngozi feki na sponji, so kata kejani, ulipie mshono pekee. Dai uzi wa nailoni ama polista. Wa pamba unaozeshwa na unyevu, na mshono unafunguka ukiwa Thika Road. Sponji iwe ile ngumu ya godoro nzito. Ile laini inakaa fiti wiki mbili, halafu unaendesha ukiwa umezama ni macho tu zinaonekana juu ya stiaringi.

Kuhusu kitambaa, nina maoni na sijali nani atanuna. Ngozi feki nyekundu kwa DX ni kelele. Zunguka Gikomba usake kodrai ya brown, ama pazia nzito ya mtumba, ama uende Eastleigh ukate mita zako. Kikoi kwa paneli za mlango inaweza, lakini ujue jua itaila rangi. Nairobi iko juu ya mita 1,700, na huku juu miale inachoma kuliko unavyodhani. Hiyo ndio inapasua dashibodi: plastiki inakauka, inakuwa ngumu, inafunguka mistari. Wazae walificha na zile manyoya. We jaza nyufa na fila ya kunyumbuka, piga msasa, vaa ngozi feki na gundi ya viatu, ukipasha na blodraya ndio ifuate kona. Chagua nyeusi isiyo na shaini. Ya kung'aa inajichora kwa kioo, na jioni ukielekea magharibi huoni kitu.

Mikanda usiguse na jiki, inadhoofisha nyuzi. Sabuni ya kawaida na maji vuguvugu. Imekatika ama imenyonyoka? Nunua ingine.

Grogan utaenda tu, yaani Kirinyaga Road, juu vishikio vya mlango na vifungo vya DX haviko kwa duka za glasi. Enda na kipande cha zamani mkononi, bei ikitajwa cheka kwanza, na uombe risiti. Mzaha wa kukutana na side mirror yako iliyoibiwa huko kila mtu anaujua.

Baada ya hayo yote, weka LED zako. Lakini kila waya kutoka kwa betri ipite na fyuzi, karibu na betri, na penye inatoboa chuma iwe na raba. Waya uchi ikigusa bodi, hiyo ndai inachomeka na wewe unaitazama.

Kama kuna DX huko ushago imelaza kuku tangu guka yako aache kuendesha, ongea na mzae vizuri, msaidie kuhamisha kuku, na uanze na kapeti.