Askari Anapohamia Mlimani

Tulipokuwa tukipanda kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, watoto wetu, waliokaa kati ya magodoro na masufuria, waliuliza kwa nini hewa imebadilika. Tulicheka. Usiku ule hatukucheka tena, kwani blanketi moja halikutosha.

Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, una masharti yake. Huko juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, hivyo maharage huchelewa kuiva. Akina mama wa Kisabiny waliwafundisha wake zetu kuyaloweka tangu jioni. Mizigo tuliibebesha punda, kama wenyeji wafanyavyo.

Siku ya tatu tulianza kuchimba mteremko ili tupate uwanja wa nyumba. Mzee mmoja akatuzuia.

"Wanangu," alisema, "udongo huu umeshikwa na mizizi. Mkiikata, utatufuata sote."

Akatukumbusha Nametsi, wilayani Bududa, katika mlima huu huu. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, udongo ulikifukia kijiji pamoja na zahanati. Askari walifukua kwa majembe, kwa kuwa mitambo haikuweza kufika. Baadhi yetu tulikuwamo miongoni mwao. Tuliweka sururu chini, tukajenga pale alipotuonyesha.

Ndugu zetu wa jeshi na polisi, bunduki haizuii udongo unaoporomoka. Ahamiaye mlimani na awaamkie wenyeji kwanza, aulize, ndipo achimbe.