Vyungu vya Maua vya Simiti: Msiviweke Juani



Mara nyingi mnatuuliza ni mradi gani mnaweza kuanza na pesa kidogo. Leo tunaeleza jinsi ya kutengeneza vyungu vya maua kwa simiti. Lakini kwanza tuungame kosa letu.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokifundisha kilinunua simiti kwa pesa za mchango wao. Walitengeneza vyungu kumi na viwili wakavipanga juani, kama matofali ya udongo. Baada ya wiki mbili vingi vilikuwa na nyufa, na vingine vilimeguka vikibebwa. Mweka hazina hakujua atawaambia nini wenzake. Hawakuwa wavivu. Ni sisi tuliosahau kuwaambia jambo moja la muhimu.

Jambo lenyewe ni hili: simiti haiwi ngumu kwa kukauka. Huwa ngumu kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Jua na upepo vikinyonya maji mapema, kazi hukatikia njiani. Chungu huonekana kizuri, kumbe ni dhaifu.

Mahitaji

Simiti, mchanga safi wa mtoni, maji safi, mafuta ya gari yaliyokwisha tumika, na mabeseni mawili ya plastiki, kubwa na dogo. Simiti yenye mabonge magumu imeharibika, msiinunue hata kama ni ya bei rahisi. Kupima mchanga, tieni kiasi katika chupa ya maji, tikiseni, kisha iacheni itulie. Tabaka nene la matope likikaa juu, osheni mchanga huo kwanza.

Namna ya kutengeneza

1. Changanyeni kipimo 1 cha simiti na 3 vya mchanga, vikiwa vikavu, mpaka rangi iwe moja. Mfuko wa kilo 50 ni karibu madebe mawili, kwa hiyo unahitaji madebe sita ya mchanga.

2. Ongezeni maji kidogo kidogo. Ukifinyanga tonge lishikane bila kuchuruzika, inatosha. Maji mengi hurahisisha kazi lakini hudhoofisha chungu.

3. Pakeni mafuta ndani ya beseni kubwa na nje ya dogo. Simamisheni vipande vitatu vya bua la hindi chini, virefu kama unene wa vidole viwili. Hivyo ndivyo vitakavyoacha matundu ya kutolea maji.

4. Jazeni simiti mpaka usawa wa mabua. Wekeni beseni dogo juu yake, lenye mawe ndani lisielee. Jazeni pembeni huku mkigonga beseni kubwa ili hewa itoke.

5. Funikeni, mwache kivulini mpaka kesho yake. Toeni beseni dogo, kisha pindueni kubwa polepole. Ng'oeni mabua.

6. Hapa ndipo penye siri. Funikeni chungu kwa gunia lililolowa, kivulini, na mlinyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 bila kukosa. Gawaneni zamu, kila mama ajue siku yake. Nguvu huendelea kuongezeka kwa wiki kama nne, kwa hiyo msikimbilie sokoni.

7. Kabla ya kupanda, jazeni chungu maji na kuyamwaga mara kadhaa kwa siku chache. Simiti mpya ina chokaa kali inayoweza kudhuru mizizi.

Jihadharini. Simiti huchoma ngozi polepole, unaweza usisikie mpaka jioni. Vaeni glavu, fungeni kitambaa puani mnapochanganya, na watoto wakae mbali. Ikiingia machoni, osheni kwa maji mengi na mwende zahanati mara moja.

Hesabu

Andikeni bei ya simiti, mchanga, usafiri na hata vyungu vitakavyovunjika. Msisahau jasho lenu, nalo lina bei. Anzeni na vyungu vitano tu, muone kama vinanunuliwa, ndipo mnunue mfuko mzima. Pesa za kikundi ni jasho la wengi.

Wale akina mama walijaribu tena, safari hii kwa magunia na zamu. Vyungu vilishika. Nasi tumejifunza kwamba mwalimu naye hufundishwa.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.