Usiku Mmoja Kampala Kabla ya Namugongo

"Mtalala wapi?" Hilo ndilo swali tulilopewa na waume zetu siku ya kuaga. Hawakuuliza tutakula nini wala tutarudi lini. Kila mmoja, nyumbani kwake, kwa wakati wake, aliuliza hilo hilo moja. Nasi kila mmoja tulijibu kwa moyo mweupe: "Pa kulala tumeshapata."

Tulikuwa akina mama saba wa Vugiri, huku juu kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Wanne wetu ni Wakatoliki na watatu ni Waanglikana. Kazi zetu ni zile mnazozijua: kuchuma chai, kulima maharage na migomba, kulea watoto na wajukuu. Kwa muda wa miaka miwili tulichanga kidogo kidogo, wakati mwingine fedha ya debe moja la maharage, ili siku moja tufike Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Mwaka 2023 Mungu alitujalia tukasafiri. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wenzetu habari za usiku mmoja tu wa safari hiyo, ule wa kuamkia siku ya kutembea. Usiku huo ulitufunza kuliko siku nyingine zote.

Kwa nini Namugongo?

Wengi wetu tulifundishwa habari za Mashahidi wa Uganda tangu utotoni. Hawa ni vijana na watu wazima waliouawa kwa ajili ya imani yao kati ya mwaka 1885 na 1887, wakati wa Kabaka Mwanga wa Buganda. Majina yanayokumbukwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Kundi kubwa lilichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kati yao alikuwamo Kizito, kijana wa miaka kama 14, umri wa watoto wetu wanaomaliza shule ya msingi. Papa Paulo VI aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwaka 1969 alifika mwenyewe Uganda.

Habari hizi haziko mbali nasi kama tunavyodhani. Wamisionari wa kwanza waliokwenda Buganda walipitia pwani yetu na bara yetu. Alexander Mackay, aliyetumwa na misheni ya Kianglikana, mwaka 1877 alikuwa akitengeneza barabara kutoka Saadani kwenda Mpwapwa. Saadani iko pwani, kusini ya mahali unapoingia baharini mto Pangani, mto huu huu unaopita Korogwe. Mapadre Weupe walianzia Bagamoyo mwaka 1878, wakavuka ziwa na kufika Buganda mwezi Februari 1879. Huko ikulu kwa Kabaka wasomaji wa kwanza walianza kufundishwa kwa Kiswahili. Tulipolijua hilo tulijiambia kwamba hata lugha yetu ilikuwa na sehemu yake katika ushuhuda ule.

Safari yenyewe

Tulishuka Korogwe alfajiri na ukungu wetu nyuma. Wale ambao hawajazoea joto la bondeni walianza kujipepea kabla basi halijaondoka. Tukapita Mombo na Same hadi Arusha, kisha Namanga, Nairobi, na hatimaye mpaka wa Busia. Hapo Busia tuliambiwa ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda, kwa sababu vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Tulicheka kidogo, maana miguu ilikuwa imevimba na kucheka kulisaidia.

Tuliingia Kampala jioni ya tarehe 1 Juni, giza likianza. Kwa mtu wa Vugiri, ambako jioni unasikia sauti ya jirani akimwita mbuzi wake, mji ule ulikuwa kama mto uliofurika. Magari madogo ya abiria yamebanana kama maharage kwenye gunia, pikipiki zinapita mpaka mahali pa kukanyaga watu, kila mtu anaita, na maneno yenyewe hatuyaelewi. Tulishikana kanga ili asipotee mtu.

Tulifika kwenye nyumba ya wageni tuliyokuwa tumeipigia simu na kuitumia fedha ya kuanzia. Kijana wa pale mapokezi alifungua daftari, akalifunga. Vyumba vyetu vilikuwa vimepewa watu wengine waliofika mchana. Ni wiki ya Mashahidi, akasema, mji wote umejaa. Alitupa nusu ya fedha yetu, nusu akasema tuifuate siku nyingine. Tulikuwa saba, tuna mabegi tisa na kikapu kimoja, na saa ilikuwa mbili ya usiku.

Nje ya mlango tulisimama bila kusema. Mwenyekiti wetu, mama wa miaka zaidi ya 60 ambaye ndiye aliyepanga yote, alianza kulia. Hatukuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mume wake. Alisema neno moja tu: "Nimewapoteza watoto wa watu." Tulimfariji, lakini ukweli ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa akisikia lile swali la nyumbani likimrudia masikioni.

Mama wa chai

Upande wa pili wa njia palikuwa na mama mmoja akiuza chai na chapati. Alikuwa ametutazama kwa muda. Alivuka, akapiga magoti kidogo kumsalimu mwenyekiti wetu, kama desturi ya Waganda ilivyo kwa mtu mzima, akauliza kwa Kiswahili cha kuokoteza: "Nyinyi mama, mnakwenda Namugongo? Mnalala wapi?"

Swali lilikuwa lile lile, lakini safari hii liliulizwa na mtu aliyekuwa tayari kulijibu. Alimwachia binti yake birika, akachukua begi zito kuliko yote, akatutangulia. Tulimfuata tukiwa na hofu, tusiwafiche. Mmoja wetu alinong'ona kwamba huenda tunapelekwa kuibiwa. Mwenyekiti akasema, "Mwizi hapigi magoti." Tukaendelea.

Alitupeleka kwenye ukumbi wa kanisa. Wakati wa sikukuu hiyo makanisa mengi na shule za Kampala huwafungulia mahujaji. Ndani palikuwa na watu wengi sana juu ya mikeka: waliotembea kwa siku nyingi kutoka magharibi ya Uganda, Wakenya, vikongwe, na akina mama wenye watoto migongoni. Tulioneshwa nafasi ya mikeka mitatu kando ya ukuta. Tulipewa uji. Yule mama wa chai alikataa fedha yetu, akarudi kwenye birika lake kabla hatujamshukuru vizuri.

Ukweli wa Balikuddembe

Mzee mmoja aliyekuwa akiwahudumia wageni, mwenye Kiswahili safi, alituuliza kama tunajua tumelala wapi. Tulijibu kwamba hatujui, tunangoja kufika Namugongo kesho. Alitikisa kichwa. Akatueleza kwamba lile soko kubwa tulilolipita, ambalo wengi huliita Owino, jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Huko Nakivubo, karibu na hapo, ndipo alipouawa Yosefu Mukasa Balikuddembe tarehe 15 Novemba 1885, wa kwanza kati ya wale 22.

Balikuddembe alikuwa mtumishi mkubwa wa nyumba ya Kabaka na mwenye kuaminiwa. Mwezi Oktoba 1885 Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana aliuawa kwa amri ya Mwanga. Balikuddembe, ambaye ni Mkatoliki, alimwendea bwana wake akamwambia wazi kwamba amekosa. Kwa ukweli huo alikatwa kichwa, na masimulizi yanasema aliacha ujumbe kwamba amemsamehe Kabaka, ila atubu. Na juu kidogo, kwenye kilima cha Kampala ya Kale, aliachwa Matiya Mulumba, mtu mzima mwenye mke na watoto, amekatwa mikono na miguu, akikaa siku kadhaa na kiu. Wapita njia waliosikia akiomba maji walikimbia.

Tulinyamaza. Tulikuwa tumedhani kwamba mji huu ni mahali pa kupita tu, tena pa kuogopa, na utakatifu uko mbele. Kumbe tulikuwa tumeketi juu yake na vikombe vya uji mikononi.

Simu ya nyumbani

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Simu iliyoweza kupiga nyumbani ilikuwa moja, na zamu ilikuwa ya mwenzetu aliye mdogo kuliko sote, mama wa watoto watatu. Mume wake ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote kutoa ruhusa. Alikubali siku mbili tu kabla ya safari, baada ya kuhakikishiwa kwamba kuna chumba chenye kufuli.

Tulibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alisema, "Mwambie tuko salama, basi. Hilo si uongo." Mwingine alisema, "Akijua ukweli, hutatoka tena Vugiri, na sisi wengine waume zetu watasikia." Maneno hayo yalikuwa na akili. Wengi wetu, tukisema kweli, tungefanya hivyo hivyo. Mara ngapi tumewaficha waume zetu jambo dogo ili amani iwepo, bei ya kitenge, deni la dukani, mtoto aliyefeli mtihani?

Mwenzetu alikaa na simu mapajani muda mrefu. Kisha akapiga. Akasema: "Baba watoto, ile nyumba ya wageni ilitunyima vyumba. Tuko ukumbini kwa kanisa, chini, na watu wengi. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe."

Upande wa pili ukawa kimya. Tulidhani simu imekatika. Halafu tukasikia, maana sote tulikuwa tumeinama karibu: "Mlango unafungwa?"

"Unafungwa, kwa komeo la ndani."

"Nani amelala karibu na mlango?"

"Mama mwenyekiti."

"Basi wewe lala katikati. Asubuhi ukiamka nipigie."

Ni hayo tu. Mwenzetu alilala katikati kama alivyoambiwa, akiwa amejifunika kanga yake hadi usoni. Hatukumwuliza kama analia au anacheka.

Tuliporudi nyumbani ndipo mume wake alipomweleza: alipopokea simu, kabla hajaambiwa neno, alisikia watoto wachanga wakilia na watu wengi wakizungumza, akajua hapo si kwenye chumba cha wageni. Alikuwa akingoja kusikia ataambiwa nini. Akina mama, fikirini kama angeambiwa vingine.

Kutembea

Tarehe 2 Juni tuliondoka alfajiri baada ya sala. Kutoka mjini hadi Namugongo ni kama kilomita 15. Tulifuata barabara ya Jinja, tukapita Banda na Kireka, kisha Kyaliwajjala, tukiwa ndani ya umati unaoimba kwa lugha nyingi. Mvua ndogo ilitunyeshea, kwa watu wa Vugiri hilo si jambo. Mwenyekiti wetu alitembea pole pole, nasi tulibadilishana kubeba begi lake. Wakatoliki walikwenda kwenye basilika, lile kanisa lenye umbo la nyumba ya msonge na nguzo 22, na Waanglikana kwenye eneo lao lililo jirani. Kesho yake jioni tulikutana tena, tukasimuliana.

Kwa wenzetu watakaosafiri

Tumeona tuwaachie mambo machache tuliyojifunza kwa gharama:

1. Tengenezeni hati za kusafiria mapema, na msisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda wanaidai.

2. Msitegemee simu na fedha ya kuanzia peke yake. Wiki ya Mashahidi mji hujaa. Mwombeni paroko au mchungaji wenu awaandikie barua, na awatafutie parokia ya kuwapokea kabla hamjaondoka.

3. Pangeni kufika mji mgeni mchana. Basi linaloingia jioni huwaacha hamna muda wa kutafuta njia nyingine.

4. Gaweni fedha kwa watu watatu au wanne. Aliyebeba zote asijulikane na wote.

5. Vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea. Wawili wetu walinunua vipya kwa heshima ya safari, wakavibeba mkononi. Chukueni pia mkeka mwepesi, kanga mbili na chupa ya maji kwa kila mtu.

6. Kubalianeni na waume zenu kabla ya safari: jambo likiharibika, mtaambiana. Mume anayejua ukweli anaweza kuomba pamoja nanyi. Asiyejua anabaki anahangaika na mambo ya kuwaza.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuwa wageni, na tuliopona ni sisi. Tangu turudi, mahujaji na wasafiri wanaopandisha Vugiri jioni hawaulizi mara mbili mahali pa kulala. Mwenyekiti wetu ameweka mkeka wa ziada nyuma ya mlango, na wengine tumefuata mfano wake. Mwenzetu mdogo ameanza kuchanga tena. Safari hii mume wake ndiye anayemkumbusha tarehe ya kuweka fedha, naye amesema anataka kuja amwone yule mama wa chai.