CHAKULA KILETACHO DAMU KWA MAMA MWENYE MIMBA

Katika Thika na Ruiru, kama kwingineko, mwanamke mwenye mimba husema mara nyingi kwamba amechoka tangu asubuhi, na watu wa nyumbani humjibu kuwa hiyo ndiyo hali ya mimba. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia damu yake imepungua. Mambo hayo mawili yafanana kwa nje, bali hatari yake si moja. Uchunguzi wa virutubisho uliofanywa Kenya nzima mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wenye mimba, wapatao 4 walikuwa na upungufu wa damu. Basi jambo hili si la nyumba moja, na yafaa lijulikane na mke na mume pia.

Kazi ya madini ya chuma

Wekundu wa damu watokana na kitu kiitwacho hemoglobini, ambacho huchukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini mote. Mwili hauwezi kukitengeneza pasipo madini ya chuma. Wakati wa mimba damu ya mama huongezeka karibu nusu ya kiasi chake cha kawaida, na mtoto aliye tumboni hujiwekea akiba ya madini hayo itakayomsaidia kwa muda wa miezi kama 6 baada ya kuzaliwa. Mimba moja huhitaji madini ya chuma yapatayo gramu 1. Kwa macho ni kidogo sana, lakini mwili huyapata polepole mno. Mama asiyekuwa na akiba, au ambaye mimba zake zimefuatana upesi, hudaiwa asichokuwa nacho.

Mama huyo huhema apandapo kilima, huona kizunguzungu, moyo humwenda mbio, na ndani ya kope zake huwa peupe. Wengine hutamani kula udongo au mawe laini yauzwayo sokoni. Udongo huo hauongezi damu. Waweza kuzuia madini yasiingie mwilini, na kuleta mayai ya minyoo. Mama aliyepungukiwa damu akitokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa, kiasi ambacho mwenzake angekistahimili chaweza kumwua. Mtoto naye aweza kuzaliwa kabla ya siku zake, au akiwa na uzito mdogo.

Chakula kipo, lakini chai hukiharibia

Si lazima kutafuta chakula cha ghali. Terere, managu, majani ya kunde, maharagwe, ndengu, njahi na wimbi vyote vina madini ya chuma. Shida ni kwamba madini ya mimea hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama, maini na samaki. Hivyo yahitaji kusaidiwa, wala yasizuiliwe.

Kizuizi kikubwa ni chai. Mfano ni wa mwanamke afanyaye kazi katika kiwanda cha Thika. Asubuhi hunywa chai ya maziwa kwa mkate. Adhuhuri hula githeri, na juu yake kikombe cha chai. Jioni hula ugali na sukuma wiki, kisha chai tena. Amekula mara tatu, na kila mara chai imemwibia. Kikombe kimoja kinywewacho pamoja na chakula cha nafaka na mboga chaweza kupunguza kwa nusu au zaidi madini yaingiayo mwilini. Kahawa nayo ina tabia hiyo hiyo, hata ile inayokuzwa Ruiru kwenyewe. Haisemwi kwamba mama aache chai kabisa. Na ainywe peke yake, walau saa moja kabla ya chakula au saa moja baada yake.

Msaidizi wa madini hayo ni vitamini C, nayo haiko mbali. Thika yajulikana kwa mananasi. Kipande cha nanasi, chungwa au pera kikiliwa pamoja na githeri huyafungulia mlango madini ya maharagwe. Nyanya mbichi hufanya kazi hiyo pia. Mboga zisichemshwe mpaka zikapondeka, wala maji yake yasimwagwe. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Omena kidogo au vipande vichache vya nyama ndani ya sufuria ya maharagwe huleta faida kuliko wingi wake. Maini ni mazuri, ila yasiliwe kila siku, maana yana vitamini A nyingi ambayo ikizidi yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Wengine hutegemea maji ya bitiruti kwa sababu ni mekundu. Rangi nyekundu si damu. Bitiruti ina madini ya chuma machache tu. Tena unga wa mahindi wa pakiti, tangu mwaka 2012, watakiwa kwa sheria ya Kenya kuongezwa madini ya chuma na vitamini. Unga usagwao kwa kawaida katika kinu cha mtaani hauongezwi.

Maarifa haya si mageni kabisa. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha uchunguzi wao juu ya chakula cha Wakikuyu na Wamasai, na waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani kuliko wanaume. Mboga ya bibi basi haifai kudharauliwa na mjukuu.

Vidonge na kliniki

Hata hivyo chakula peke yake mara nyingi hakitoshi wakati wa mimba. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba kila mama mwenye mimba apewe kila siku miligramu 30 mpaka 60 za chuma pamoja na dawa ya foliki. Mama na aende kliniki kabla ya majuma 12 kupita, iwe ni hospitali ya Thika Level 5, ya Ruiru, au zahanati iliyo karibu, apimwe damu. Ikiwa hemoglobini ni chini ya gramu 11, daktari atatafuta sababu, maana safura na malaria pia hupunguza damu.

Wengi huacha vidonge kwa kuona choo kimekuwa cheusi, au tumbo likichafuka. Weusi huo hauna madhara. Tumbo likisumbua, kidonge kimezwe baada ya chakula cha jioni kwa maji, si kwa chai wala maziwa. Vidonge viwekwe mbali na watoto, kwani mtoto mdogo akimeza vingi aweza kufa.

Mwisho, baba wa nyumba ana sehemu yake. Katika nyumba nyingi vipande vya nyama hupakuliwa kwanza kwa mume. Kwa miezi hii 9, na vianzie kwa mama, na birika ya chai ingojee saa moja. Mabadiliko hayo hayana gharama kubwa, na usipoziba ufa utajenga ukuta.