Jina la "British" lilivyowahama wenyewe

Andy Murray, aliyetwaa ubingwa wa tenisi wa Wimbledon mwaka 2013, ni Mskoti. Kiuraia ni "British". Kiswahili humwita Mwingereza, na kwa Mskoti hilo ni kosa la wazi.

Chanzo chake ni Wareno. Neno lao "inglês", ambalo asili yake ni mtu wa England tu, ndilo lililozaa Mwingereza na Uingereza, na sehemu ikameza nchi nzima.

Neno "British" lina umri mkubwa kuliko England yenyewe. Karne ya 4 kabla ya Kristo, Pytheas, baharia Mgiriki kutoka mji ambao leo ni Marseille, alifika katika visiwa vya Britania, na Wagiriki wakaviandika kwa jina linaloanza na P. Warumi wakasema Britannia. Watu wa Wales hawajaiacha ile P: hadi leo kwa lugha yao ni Prydain. Wana haki nayo, maana katika Kiingereza cha kale neno "British" liliwahusu wenyeji waliozungumza lugha mama ya Kiwelisi. Mababu wa watu wa England, Waangli na Wasaksoni, ndio waliokuja baadaye wakivuka bahari. Baadhi ya wenyeji walihamia Ufaransa na jina lao, wakaacha Bretagne huko. Ndiyo maana kisiwa walichotoka kikaitwa Britania Kuu, kwa maana ya ile kubwa.

Jina likageuka mwaka 1603, James wa Uskoti aliporithi pia kiti cha England. Alihitaji neno la kuwafunika wote bila kummeza yeyote, na mwaka 1604 akajitangaza mfalme wa Britania Kuu. Sheria ililikubali mwaka 1707, falme hizo mbili zilipoungana. Mtanzania anaijua haja hiyo: jina la Tanzania, lililotungwa mwaka 1964, limebeba Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja.

Matumizi ya kila siku bado yanayumba. Kwenye Olimpiki timu ni moja. Kwenye soka la FIFA ni nne. Mkataba wa amani wa 1998 unamruhusu mtu wa Ireland Kaskazini kujiita Mwairishi, "British", au vyote viwili.

Hata mpangilio wa fomu ya sensa una nguvu. Katika England na Wales, waliojitaja kuwa "British" tu walipanda kutoka asilimia 19.1 mwaka 2011 hadi 54.8 mwaka 2021. Watakwimu walieleza kuwa huenda sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na fomu ya England, iliyoliweka jina hilo juu ya orodha. Katika Wales, ambako orodha ilianza na Uwelisi, asilimia 55.2 walichagua huo peke yake.